Kazi ya Teke Moja

Mamangu hakuwahi kuielewa kazi yangu, nami sikumlaumu. Nilijaribu kumweleza mara nyingi, sebuleni kwetu Malindi, kila niliporudi kutembea. Nilimwambia kwamba Marekani kuna mchezo wanaouita futiboli, lakini mpira wake hushikwa kwa mikono, una umbo la yai, na wachezaji huvaa kofia ngumu wakagongana kama mafahali.

"Nawe wagongana nao?" aliniuliza.

Nikamwambia la, mimi sigongani na mtu. Mimi hukaa kando muda mrefu nikinyoosha misuli, kisha mara tatu au nne katika mchezo mzima huitwa uwanjani. Mwenzangu mmoja hupiga goti, huusimamisha mpira chini kwa ncha ya kidole, nami huupiga upite katikati ya milingoti miwili mirefu. Ukipita, timu imepata pointi tatu. Halafu narudi kukaa.

"Basi?"

"Basi, Mama."

"Na hayo ndiyo yaliyokupeleka huko kote?"

Siyo yaliyonipeleka. Niliondoka Malindi na ufadhili wa kusoma na kucheza kandanda ya kawaida, hii yetu, katika chuo kikuu kimoja cha bara huko Marekani, mahali ambapo mashamba ya mahindi hayana mwisho. Nilikuwa beki wa kushoto. Sikuwa na mbio nyingi, lakini mguu wangu wa kushoto ulijulikana tangu shule ya upili, na mipira yote ya adhabu ya timu ilikuwa yangu. Mwaka wa pili chuoni, kocha wa ule mchezo wao alipita karibu na uwanja wetu akaniona nikipiga mipira mirefu peke yangu. Alirudi na mpira wa yai mkononi. Akapiga goti mwenyewe, mtu mzima mwenye kitambi, akausimamisha majanini.

"Hebu piga huu," akasema.

Wa kwanza ulienda upande kama bata aliyefukuzwa. Wa pili, wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Wa tano uliruka moja kwa moja ukapita juu ya goli letu, katikati kabisa, kutoka yadi arubaini. Kocha alisimama, akapangusa magoti, akaniuliza navaa kofia saizi gani.

Niliipenda kazi ile, na hilo lazima niliseme kwanza kabla sijaanza kulalamika. Nilipenda hatua zake, tatu nyuma na mbili kando. Mpira hurushwa nyuma kupitia miguuni mwa mtu, wa kushika anaudaka, anausimamisha, nami tayari nimeshaanza kukimbia. Yote hayo ni sekunde moja na kidogo. Ukiupiga vizuri huhisi kitu mguuni, ni kama kupiga hewa. Nilicheza miaka mitatu chuoni na nikamaliza nikiwa na jina. Watu wakaniambia nitalipwa kwa mguu huu. Niliwaamini.

Ambalo hawakuniambia ni kwamba timu kubwa ni thelathini na mbili tu, na kila timu yataka mpigaji mmoja. Beki akizidiwa na mwenziwe kidogo tu, hupewa nafasi ya pili, ya tatu, ya akiba. Mpigaji hana akiba. Ama ni wewe ama si wewe.

Timu ya kwanza iliniita kambini majira ya joto. Nilifurahi nikampigia Mama simu. Baada ya siku tatu nikafahamu kwamba walikuwa na mpigaji wao aliyewachezea miaka tisa, na mimi nimeletwa ili mguu wake upumzike mazoezini. Nilipiga kwa bidii vilevile. Kwenye kambi zile kuna mtu mmoja ambaye wachezaji wote wanamjua. Hana sauti kubwa, hana ubaya. Hupita asubuhi vyumbani, na akisimama kwenye mlango wako hukwambia kocha anakutaka, nenda na kitabu chako cha mipango. Ukisikia habari ya kitabu, umeshafukuzwa. Kwangu alisimama asubuhi ya siku ya ishirini na moja. Kocha alinishika mkono akaniambia nina mguu mzuri sana.

Hayo ya mguu mzuri niliyasikia miaka miwili mfululizo. Jumanne ndiyo siku yetu sisi tusio na timu. Mpigaji fulani akikosa Jumapili, Jumanne timu yake huita watu wanne au watano kuwajaribu. Tulikuwa tukikutana wale wale, leo mji huu, wiki ijayo mji mwengine, tukasalimiana kama watu wanaokutana msibani. Tulipanga mstari, tukapiga mmoja baada ya mmoja, kisha tukapewa sandwichi na tikiti za kurudi. Nilikwenda mara saba. Wakala wangu, aliyekuwa akinitafutia timu, alikuwa mtu wa maneno machache, na kila mara alinipa yale yale: weka simu yako wazi.

Mara ya nane nikapata. Ilikuwa timu ya mji wa baridi, mpigaji wao alichanika msuli wa paja. Nilivaa jezi yenye namba yangu mwenyewe, nikacheza michezo sita. Katika mitano ya kwanza sikukosa hata teke moja. Malindi nzima, nikimsikiliza Mama, ilikuwa imeamka kunitazama, ingawa najua ilikuwa yeye, dadangu na jirani mmoja mwenye simu kubwa.

Mchezo wa sita tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, dakika ya mwisho. Yadi arubaini na tatu, upepo wa kushoto. Teke kama hilo nilikuwa nimelipiga maelfu ya mara. Mpira ulirushwa nyuma chini kidogo, mwenzangu akaudaka kwa shida, akausimamisha kwa haraka, na alipouweka mshono wake ulikuwa umenielekea mimi. Mpira ule una mshono mmoja wa nyuzi nene, na unatakiwa uelekee mbele, kwa milingoti. Ukielekea nyuma, mguu unakutana na nyuzi na mpira huenda utakako. Niliuona. Nilikuwa nimeshafika. Ukaruka vizuri, ukafika karibu, ukaanza kuvutika kulia, ukapita nje ya mlingoti kwa kipimo cha mkono.

Waandishi wa habari walinizunguka. Nikawaambia nilikosa, ni kosa langu. Ndivyo tulivyofundishwa, mpigaji hamtaji wa kushika. Baadaye, watu walipopungua, mwenzangu alikuja akakaa karibu yangu akiwa bado na viatu.

"Ulikuwa mshono, sivyo?"

"Ndiyo."

"Nashukuru hukusema."

Jumatatu nikaitwa na kitabu changu. Yeye alibaki na timu ile kwa misimu mingine minne. Hakunitafuta tena, nami sikumtafuta.

Nikarudi nyumbani. Wakala alisema nipumzike, msimu ukianza ataniita. Kupumzika Malindi bila kazi si kupumzika. Kila nikitoka kwenda sokoni nilikutana na maswali. Umestaafu? La. Umefukuzwa? Ndiyo, lakini si hivyo. Utarudi? Wakiniita. Nani? Yeyote. Mzee mmoja muuza vitambaa alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akanishauri nifungue duka la simu.

Dadangu ndiye aliyeniokoa na maswali. Ananizidi miaka sita, ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ni chake: cherehani mbili, meza ya kukatia, magauni ya harusi yananing'inia mpaka mlangoni. Siku moja aliniona nimekaa na mpira mapajani, akauliza mbona siendi kuupiga.

"Hakuna wa kunishikia, dada."

"Kwani kushika ni elimu?"

Nikamwambia ndiyo, ni elimu. Akavua miwani. "Nifundishe."

Tulipata ruhusa ya kutumia kiwanja cha shule moja karibu na daraja la Sabaki. Seremala akatufungia nguzo mbili za mivinje juu ya goli la kandanda, ndefu, zilizopinda kidogo, na tukakubaliana zinatosha. Asubuhi mara tatu kwa wiki tulipanda tuktuk na mfuko wa mipira sita. Dadangu alitandika leso, akapiga goti na buibui lake, akaweka kidole cha shahada juu ya mpira. Siku ya kwanza alifumba macho kila nilipokaribia. Baada ya mwezi alikuwa akishika vizuri kuliko wengi walionishikia Marekani. Nilipomwambia habari ya mshono alicheka kwa dharau. "Mimi nikosee mshono?" Hakukosea hata siku moja.

Nilikuwa nikipiga vizuri. Nadhani sijawahi kupiga vizuri kuliko miezi ile, kusi likivuma kando na vumbi jekundu likinipanda mpaka magotini.

Simu ikaja alfajiri moja, Jumatatu. Timu ya kusini, wakala akasema, mpigaji wao amekosa wiki mbili mfululizo, wakutaka Jumanne. Nilikimbia kutia nguo katika begi. Nikafika Mombasa, Nairobi, nikavuka bahari mbili nikiwa nimekunja miguu kwenye kiti chembamba. Nilishuka vifundo vimevimba. Nikalala muda wa saa nne tu hotelini, nikaenda uwanjani.

Tulikuwa wanne. Tulipiga ishirini kila mmoja, karibu, mbali, pembeni. Niliingiza kumi na tisa, na aliyenifuata aliingiza kumi na sita. Kocha alikuwa na ubao wake, akaandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliona wazi. Nilirudi hotelini nikakaa kitandani na simu mkononi, na nikajisikia nikipanga kwa sauti jinsi nitakavyomwambia Mama.

Wakala akapiga. "Hawachukui mtu."

"Vipi hawachukui mtu? Nimeingiza kumi na tisa!"

"Najua. Walitaka mpigaji wao awaone."

"Atuone nini?"

"Awaone mkipiga. Alikuwa juu, dirishani. Wamemtia hofu kidogo, basi."

Nilikuwa nimetoka Malindi, nimevuka nusu ya dunia, ili nitumike kama jinamizi la mtu mwengine. Na hofu ilimfaa, kwani Jumapili iliyofuata alipiga mateke manne akaingiza yote.

Niliporudi, dadangu alikuwa anapindua upindo wa gauni. Nikampa shikamoo, akaitika bila kuinua macho, akauliza nilikosa ngapi.

"Moja."

"Wakasemaje?"

"Wamesema ahsante."

Akakata uzi kwa meno. "Mimi mteja akiona nimeshona vizuri hunipa kazi nyengine."

Maneno yale yaliniingia mwilini yakakaa. Sikuwa na wa kumkasirikia. Kocha alikuwa mbali, wakala alikuwa mbali, yule wa dirishani sikumjua uso. Nikaanza kwenda kiwanjani kila siku badala ya mara tatu, na kila siku nikitaka mipira zaidi.

Ilikuwa baada ya Idi, msimu wa harusi. Dadangu aliniambia asubuhi ile hana nafasi, ana magauni matatu ya kumaliza, moja ni la bibi harusi mwenyewe.

"Kumi tu, dada," nikamwambia.

Tukaenda. Nikapiga kumi. Nikamwomba kumi zaidi, akanikubalia. Jua lilikuwa limepanda. Alichoka, mpira ukaanza kulala kidogo kila alipouweka, nami nikakosa miwili.

"Shika sawa!" nikampigia kelele.

Aliniangalia. Sijawahi kumpandishia sauti maisha yangu yote. Nilikuwa nimemsemesha kama makocha walivyonisemesha mimi, tena kwa lugha ya kwetu, jambo ambalo wao hawakuweza. Akainama, akausimamisha mpira, nami nikaanza mbio. Wakati wa mwisho aliona umeinama, akapeleka mkono kuunyoosha, ili unikae sawa. Kiatu changu kilikutana na mkono wake.

Nilisikia. Sitaki kueleza sauti ile.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimegeuka upande. Kwenye tuktuk kwenda hospitali aliuinua mkono juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu, na hakulia. Alikuwa akihesabu kazi. La bibi harusi limebaki mikono. La mamake limebaki zipu. La tatu halijakatwa shingo. Alikuwa akiniambia mimi, ili nikumbuke, nami nilikuwa nikisema ndiyo, ndiyo, na sikukumbuka hata moja. Daktari alisema mfupa umevunjika mahali pawili. Akamfunga plasta mpaka kwenye kifundo, majuma sita.

Magauni yale yakaenda kwa mafundi wengine. Wateja walikuja, wakaona plasta, wakampa pole, wakaondoka na vitambaa vyao. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Sasa waona hiyo kazi yako," akaenda kuchemsha chai. Mimi nikawa mtu wa pasi. Nilipiga pasi, nikafagia vipande, nikajifunza kushona vifungo, ambavyo dadangu alivifumua vingi kwa mkono wa kushoto.

Juma la tatu la plasta, simu ikalia. Nilikuwa nanyoosha shela. Wakala aliongea haraka kuliko kawaida. Timu ya kaskazini, mpigaji wao ameumia goti, msimu umemwishia. Mara hii wanatafuta mtu kwelikweli. Jumanne.

"Siwezi," nikasema. "Dadangu mgonjwa."

"Mgonjwa sana?"

"Mgonjwa."

"Una hakika?"

Nikamwambia nina hakika. Dadangu alikuwa chumba cha pili, akimfundisha mteja mmoja jinsi ya kufuma ukosi, kwa maneno tu. Sikumwambia kitu.

Jumanne ile walikwenda watatu. Aliyechukuliwa ni yule niliyempita kule kusini, aliyeingiza kumi na sita. Alicheza msimu ule mpaka mwisho, akaongezewa miaka, na hadi leo ninapoandika bado anavaa jezi ile. Ni mtu mwema. Aliwahi kunigawia sandwichi yake.

Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa na jibu la maswali ya sokoni. Niliitwa, niliwaambia watu, na kazi ilikuwa yangu, lakini dadangu alikuwa na mkono kwenye plasta na sikuweza kumwacha. Jibu lile lilipendwa. Yule mzee muuza vitambaa alinipa mkono akasema nimelelewa vizuri. Nililisema mara nyingi mpaka nikalisema mbele ya mtu asiyefaa, mteja wa dadangu, naye akalifikisha.

Dadangu aliningoja chumba cha mbele. Plasta ilikuwa imetoka zamani, lakini kidole hakikurudi. Kimepinda kwenye kiungo cha kati na hakikunjuki, naye amejifunza kusukuma kitambaa kwa kile cha kati.

"Ati hukwenda kwa ajili yangu?"

Nikaegemea meza ya kukatia.

"Nilijua hata kama simu ilipigwa?"

"La."

"Uliniuliza?"

"La, dada."

"Ungeniuliza ningekwambia nenda. Ningekupakia begi kwa mkono mmoja. Umenivunja kidole, nikanyamaza, kwani hukukusudia. Lakini hili umelikusudia. Wanitangaza mji mzima kuwa mimi ndimi niliyekufungia njia."

Nilitaka kuomba radhi, lakini kilichotoka kilikuwa kitu chengine. Nilimwambia niliogopa.

"Uliogopa nini? Kukosa?"

"Kutokosa. Kuingiza yote, halafu nirudishwe tena."

Alikisugua kile kiungo kilichopinda kama anavyofanya siku za baridi. Sikutegemea anihurumie na hakunihurumia.

"Hilo liseme," akaniambia. "Wakikuuliza, sema hilo. Lile jengine nisilisikie tena."

Ni rahisi kuagizwa. Mwaka wa pili sasa, na nimelisema mara mbili tu: kwa Mama, ambaye aliniuliza kama nimekula, na hapa.

Wakala aliacha kupiga. Hakuniaga, nami sikutegemea kuagwa. Nafundisha mazoezi ya viungo katika shule ya upili moja, kwenye barabara iendayo Marereni, na Jumamosi nakwenda Kilifi kufundisha klabu ya raga jinsi ya kupiga mpira wao, ambao nao ni wa yai lakini hukaa juu ya kitako cha plastiki na hauhitaji mtu wa kushika. Vijana wale ni wasikivu. Wananiita mwalimu. Nikipiga mmoja kuwaonyesha, baadaye huulizana kwa sauti ya chini huyu mtu anafanya nini hapa.

Ningekuwa nimeumia, ningekuwa na la kuwajibu. Nawajua wachezaji waliotoka na magoti ya chuma na migongo isiyoinama, na watu huwasikiliza kwa heshima wakieleza ilivyotokea. Mimi nina miaka thelathini na moja. Mpigaji huweza kucheza mpaka arubaini. Asubuhi naamka, nanyoosha mguu wa kushoto kitandani, na hauniumi popote.